Tovuti Iliyoshika Sabato

Kwaya ya Itumbe ilipoingia kanisani Kiogoro, Sabato ile ya katikati ya Novemba, waumini wote walitazama nyuso za waimbaji. Drusilla Nyanchama alitazama pindo. Majoho yalikuwa mapya, ya rangi ya damu ya mzee na kola ya manjano, na kwa hesabu yake ya haraka yalikuwa arubaini na mawili. Alihesabu mara ya pili wakati wa sala, jicho moja wazi, Mungu amsamehe. Pindo lilikuwa limepigwa mshono mmoja tu, na begani kwa msichana wa mstari wa mbele kitambaa kilikuwa kimeshaanza kuvuta. Kazi hiyo haikutoka kwake.

Kwa mtu asiyeshona hilo si jambo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Majoho ya zamani ya kwaya ile aliyashona Drusilla, na mwalimu wao, Maureen, alikuwa ameahidi mbele ya watu kwamba mengine yakihitajika hatakwenda kwingine. Arubaini na mawili yangelipa kodi ya karakana hadi Aprili. Sasa yalikuwa yakipita mbele yake yakiimba.

Baada ya ibada, chakula kilipokuwa kikigawanywa uwanjani, Maureen alizungukia sufuria za mbali ili wasikutane. Kisha akaona haya, akaja mwenyewe na sahani yake mkononi.

“Sabato njema, Mama Valentine. Usinikasirikie. Simu yangu iliibwa, namba yako ikaenda nayo. Nikawatafuta kwa Google wiki mzima. Niliandika jina ya duka, nikaandika Mosocho, nikaandika Kisii. Hamkutokea popote. Nikasema basi, hawa watu walifunga.”

Drusilla alifungua mdomo aulize, maana alikuwa na maswali kumi. Lakini mumewe, Manasseh Bosire, mzee wa kanisa, aliyekuwa amesimama karibu akishika kikombe cha chai, alikohoa kile kikohozi chake cha mkutano. Akasema kwa upole kwamba mambo ya biashara yasubiri mpaka jua lizame. Maureen akashukuru kama mtu aliyefunguliwa kamba, akaondoka. Drusilla akabaki na maswali yake yote, akayala pamoja na ndizi.

Laiti mume angenyamaza dakika mbili, hadithi hii ingekuwa fupi zaidi.

Jumapili asubuhi Drusilla alifungua karakana yake Mosocho. Ni chumba kimoja kipana kinachotazama soko, chenye vyerehani vitatu, meza ya kukatia na pasi ya makaa kwa siku ambazo stima hupotea. Cherehani cha kwanza ni chake. Cha pili ni cha Lavender, mwanamke wa miaka thelathini na mitano aliyeachwa na mume akiwa na watoto wawili, fundi ambaye kola yake hukaa sawa hata ukiinyeshea mvua. Cha tatu kilifunikwa shuka tangu Septemba. Novemba ndio mwezi wa sare za shule, mwezi ambao mwaka jana walishona mpaka vidole vikavimba. Mwaka huu Lavender alikuwa akitia vifungo kwenye shati la mtu mmoja.

Na Drusilla alikuwa na neno la kumwambia Lavender, akawa analiahirisha kila siku. Mwenye nyumba, Mokua, alikuwa amempa mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi: ama kodi ya Desemba na baki ya Novemba, ama ufunguo. Kulikuwa na muuza simu aliyetaka chumba kile na pesa alikuwa nazo mfukoni. Ufunguo ukitoka, vyerehani vitarudi nyumbani Kiogoro, barazani, na baraza haina nafasi ya Lavender. Basi hilo ndilo lililokuwa moyoni mwa mama huyu usiku na mchana: chumba kile kikienda, watu wawili wanarudi mahali walipotoka kwa jasho.

Hadi Agosti, wateja wengi walitoka kwenye tovuti. Ilitengenezwa na Lewis, mtoto wa dada yake Emily, anayefanya kazi hizo Nairobi. Walimlipa kwa bonasi ya majani chai waliyopata mwaka jana. Simu zilipigwa kutoka Keroka, Migori, hata Bomet. Kisha makambi ya Agosti, ile mikutano ya kanisa ya wiki nzima, yakapita na simu zikanyamaza, kama redio iliyoishiwa betri.

Drusilla alikuwa ameikagua tovuti hiyo mara nyingi. Alikuwa akiandika anwani yake yote, herufi kwa herufi, na ilikuwa ikifunguka. Kwanza ilitokea picha ya Manasseh katika suti yake ya kijivu, ikishuka polepole, nywele, miwani, tai, mpaka viatu, halafu ndiyo majoho na sare. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Kwa hiyo akaamua kwamba Lewis aliwauzia kitu kibovu. Mwezi Septemba alimpigia Emily na kumwambia kwamba mwanawe amekula pesa za watu, na tangu siku hiyo dada yake hakumsalimia tena.

Manasseh yeye alikuwa na maelezo yake. Alikuwa karani wa kituo cha majani chai kwa miaka ishirini na sita, mtu wa kalamu na mizani, na tangu astaafu alihamishia mizani yake kanisani. Alisema hili ni jaribu. Alisimama mbele ya kanisa akaomba watu waiombee biashara ya mkewe, iliyopigwa na adui. Watu wakaomba. Wengine wao waliporudi nyumbani wakasema kumbe duka la Mama Valentine limekufa, na habari hiyo ikatembea hadi Nyamira kabla ya Jumatatu.

Lakini maneno ya Maureen yalikataa kutoka kichwani mwa Drusilla. *Hamkutokea popote.* Alimwambia mumewe kwamba adui hana haja ya kuficha duka la majoho kwenye simu. Manasseh akajibu kwamba adui hufanya mengi. Mazungumzo yakaishia hapo, kwa sababu ukibishana na mzee wa kanisa kuhusu adui huwezi kushinda.

Jumatatu Drusilla alikwenda mjini Kisii kununua kitambaa. Duka la Warsame liko karibu na soko, limejaa majora mpaka darini, na Warsame mwenyewe hukaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni akiwajua wateja wake kwa mwendo. Drusilla akaomba mita nne za nyeupe. Akaiomba kwa sauti ndogo, akitazama pembeni, maana nyuma yake kulikuwa na wanawake wawili wa Suneka waliokuwa wakinunua kwa jora.

Warsame alipima mita nne mwenyewe, hakumwachia kijana wa duka. Alikunja polepole. Alisubiri wale wanawake watoke, ndipo akasema kwamba yeye hamuulizi mtu mambo ya nyumba yake, lakini mwaka jana mwezi kama huu Mama alibeba majora tisa.

Drusilla hakukusudia kumwambia. Yalitoka tu, yote, mpaka Mokua na ufunguo. Alipofika kwa Lewis akajifanya anatafuta chenji kwenye mkoba.

Warsame aliinua uso akaita juu, na binti yake Ubah akateremka ngazi. Ubah ana chumba ghorofani, anatengeneza tovuti za hoteli, kliniki na shule, na kuzitibu zikiugua. Ni msichana wa maneno machache. Aliuliza mambo matatu. Ilianza lini? Agosti. Ukiiandika anwani inafunguka? Inafunguka. Nani wote wana neno la siri la kuingilia ndani?

“Mimi, Lewis, na mzee wangu,” alisema Drusilla. “Mimi siingiagi. Naogopa kuharibu.”

“Kesho mkuje na mzee,” alisema Ubah.

Ada yake ilikuwa elfu tatu. Drusilla alikuwa na elfu moja na nauli. Ubah akasema moja inatosha kuanza, zingine zitakuja kazi ikionekana. Drusilla alirudi Mosocho na mita zake nne zilizofungwa kwenye gazeti, na njiani alikuwa akijilaumu kwa kuwamwagia watu wa mjini siri za nyumba. Mtu akizama hulaumu hata mkono uliomshika.

Manasseh alikubali kwenda, lakini si kwa sababu ya kutafuta ugonjwa. Alikwenda kulinda mpaka. Alikuwa amesikia kwamba wataalamu hawa hushauri maduka ya mtandaoni yafanye kazi siku saba, na yeye alikuwa ameapa kwamba duka la nyumba yake halitauza hata kifungo siku ya Sabato. Kila Ijumaa kabla ya jua kuzama, yeye mwenyewe alikaa sebuleni na simu yake, akaingia ndani ya tovuti na kubonyeza mahali Lewis alipomfundisha, na duka lote likafungwa. Jumamosi jioni, wimbo wa mwisho ukiisha, akalifungua. Hakuwahi kukosea hata wiki moja, na aliona fahari kwa hilo. Alimweleza Ubah haya yote kabla hata ya kukaa.

Ubah alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hana neno na Sabato, na hakuja kuifungua. Akamgeukia Drusilla, akamwomba aonyeshe jinsi anavyoikagua tovuti. Drusilla akaandika anwani, tovuti ikafunguka, na Manasseh wa suti ya kijivu akaanza kushuka.

“Sawa. Hiyo ni kama mtu anajua nyumba yako, anakuja moja kwa moja,” alisema Ubah. “Sasa jifanye hujijui. Wewe ni mwalimu wa kwaya, uko Nyamira, unataka majoho. Tafuta.”

Drusilla akaandika polepole kwa kidole kimoja. Wakatokea mafundi wa Nakuru, wa Nairobi, wa Kisumu. Akatokea fundi mmoja wa Suneka ambaye Drusilla alijua kwa hakika kwamba alishakufa. Wao hawakuwemo. Akaandika jina la duka lao lenyewe. Hawakuwemo. Akaandika jina lake mwenyewe, Drusilla Nyanchama. Akatokea mtu mwingine.

Mpaka hapo Manasseh alikuwa amekaa wima. Akasema, kwa sauti ya karani, kwamba huenda hao wa Google wanataka walipwe. Ubah akasema hapana, kuorodheshwa hakulipiwi. Alivuta tarakilishi yake karibu, akaingia ndani ya tovuti kwa neno la siri ambalo Drusilla alilitoa kwenye kikaratasi, akaanza kupita ukurasa mmoja baada ya mwingine bila kusema, kama daktari anayebonyeza tumbo mahali pote kabla ya kufika panapouma.

Alipata mambo madogo kwanza. Picha zilikuwa nzito mno, hasa ya mzee, ambayo peke yake ingemaliza bando la mtu maskini. Namba ya simu ilikuwa chini kabisa, mahali ambapo hakuna anayefika. Hayo ni mafua, alisema, hayaui.

Kisha akasogea karibu na kioo. Alikuwa amefika kwenye ukurasa wa mipangilio, na hapo palikuwa na kisanduku kidogo cha kutia tiki, kando yake maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba injini za utafutaji zisiingie humu. Kisanduku kilikuwa na tiki. Ubah akafungua sehemu nyingine, daftari linaloandika lenyewe kila anayeingia ndani, siku na saa. Akasoma. Alimtazama Drusilla, akamtazama Manasseh, akarudisha macho kwenye kioo.

Aliona jina na tarehe. Angeweza kulisoma kwa sauti, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alikuwa binti aliyelelewa dukani, anajua kwamba mwanamume mzima hasomewi hesabu yake mbele ya mkewe.

“Kuna mahali hapa pamewekwa alama,” alisema taratibu. “Inaambia Google isiingie, isiwataje. Na Google inatii. Kwa hivyo imewatoa kwa orodha. Iliwekwa wiki ya pili ya Agosti.”

“Lewis,” alisema Drusilla papo hapo. “Si niliwaambia? Huyo mtoto.”

Chini dukani mtu alikuwa akipasua kitambaa, mlio mrefu. Manasseh alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akaivua tena. Katika miaka ishirini na sita ya mizani hakuwahi kupatikana na kosa la hata kilo moja, na sasa alikuwa na sekunde chache za kuamua kama Lewis ataendelea kuwa mwizi.

“Si Lewis,” alisema. “Ni mimi.”

Drusilla alimtazama kama hajamwona vizuri.

“Ilikuwa wiki ya makambi,” Manasseh aliendelea, akiongea na meza. “Nilifunga duka wiki yote, tukae na Mungu. Nikaona hapo chini iko kitu inaitwa injini, inazunguka kwa watu ikitutafutia wateja hata saa hiyo tumelala. Amri inasema upumzike wewe, na mfanyakazi wako, na punda wako. Mimi nikaona hii ndiyo punda yetu. Nikasema na yeye apumzike. Nikaweka tiki. Makambi ikaisha, nikafungua mlango, nikaona duka iko wazi. Nilidhani ukifungua mlango na punda anaamka.”

Hakuna aliyecheka, ingawa Ubah alilazimika kuinama kuokota kalamu ambayo haikuanguka.

Drusilla hakulia wala hakupiga kelele. Alikuwa na hasira, tena hasira ya miezi mitatu iliyokosea njia na sasa imefika mlango wake. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na hawakusema kwamba huwa kimevaa tai. Aliwaza kwaya ya Itumbe. Aliwaza kanisa zima likiombea cherehani chake, na watu wakimtazama kama mgonjwa. Aliwaza dada yake Emily akigeuza uso njiani. Lakini chini ya hasira hiyo alisikia kitu kingine, akashangaa kukitambua: mwili wake ulikuwa mwepesi. Kazi yake haikuwa mbaya. Watu hawakumkataa. Walikuwa wakimtafuta tu wasimwone.

“Inaondoka?” alimuuliza Ubah.

Ubah akabonyeza mara moja, na tiki ikatoka. Hivyo tu. Miezi mitatu ya njaa ilitoka kwa kidole kimoja, na Manasseh aliona aibu zaidi kwa wepesi wake kuliko kwa kosa lenyewe.

Kupona hakukuwa kwa siku hiyohiyo, Ubah aliwaonya. Ameiomba Google irudi itazame upya, na itarudi kwa wakati wake, labda wiki, labda mbili. Drusilla alihesabu kichwani. Ijumaa ya Mokua ilikuwa baada ya siku kumi.

Ndipo Manasseh, aliyekuwa ameinamisha kichwa, akakiinua, akauliza swali lililokuwa likimla. Je, Sabato? Maana kama dawa ni kuacha duka wazi, basi afadhali afunge lote. Drusilla alikaza meno. Hilo ndilo aliloliogopa tangu asubuhi, kwamba atalazimika kuchagua kati ya chumba chake na imani yao, naye mwenyewe hakutaka kuuza siku hiyo, hata kwa njaa.

Ubah alimwambia aende dirishani atazame chini. Baba yake, alisema, hufunga duka kila Ijumaa adhuhuri aende msikitini, na miaka yote hajapoteza mteja kwa ajili hiyo.

“Anaweka kibao kwa mlango. Tumeenda kuswali, tunarudi saa nane. Mtu akisoma anazunguka mjini, anarudi. Nyinyi mzee mlikuwa mnafunga, halafu mnaambia dunia kwamba hapa hakujawahi kuwa na duka.”

Akaketi akaandika kibao chao. Kikawa hivi: *Tumepumzika kwa Sabato. Hatupokei oda wala malipo mpaka Jumamosi jua likizama. Jumapili asubuhi tupo.* Nyuma ya maneno hayo akaweka alama ambayo mashine husoma na watu hawaioni, inayosema duka limefungwa kwa muda, rudi baadaye, usilifute. Kingekuja na kwenda chenyewe kila wiki bila mtu kubonyeza, na tangu Ijumaa asubuhi mstari mdogo ungewatangulizia wateja habari hiyo. Manasseh alikisoma mara tatu. Alitafuta kosa, akalikosa, akasema kwamba hata mkutano wa wazee ungekipitisha. Kisha akaomba, kwa unyenyekevu uliompa shida, picha yake iondolewe ukurasa wa kwanza. Ubah akaisogeza nyuma, akaipunguza ikawa kama stempu.

Walikuwa ngazini wakishuka Drusilla aliposimama.

“Utampigia Lewis,” alisema. “Si nyumbani. Hapa.”

“Nitampigia jioni, Mama Valentine.”

“Hapa. Na ukimaliza unampigia Emily.”

Manasseh alipiga simu hizo akiwa amesimama kati ya majora ya Warsame, wateja wakipita, neno “samahani” likimtoka mara nne kwa Kiswahili na mara moja kwa Ekegusii. Lewis alicheka mpaka akakohoa. Emily hakucheka. Aliuliza tu kama dada yake yupo hapo, na simu ikahama mkono. Wanawake hao wawili waliongea muda mrefu kuhusu mahindi, mvua na goti la mama yao, na hawakuitaja tovuti hata mara moja.

Wiki ya kwanza haikuleta mtu. Drusilla alimwambia Lavender ukweli wote siku ya Alhamisi, na Lavender akaendelea kushona kola huku akisema kwamba ameshawahi kuanza upya, si kitu kigeni. Jumatatu iliyofuata simu ililia: mtu wa Keroka akiuliza bei ya sare ya chekechea. Jumatano wakapiga wawili. Mmoja alituma malipo ya awali, na hiyo ikawa baki ya Novemba kamili. Drusilla alijitafuta kwenye simu yake akajiona, nafasi ya sita, chini ya yule marehemu wa Suneka. Hakuwahi kufurahi hivyo kuwa nyuma ya maiti.

Lakini Desemba ilikuwa bado.

Ijumaa saa kumi na moja na nusu Mokua alifika, na hakuja peke yake. Muuza simu alikuwa naye, kijana msafi mwenye futi ya chuma, na kabla ya salamu kuisha alikuwa ameshaanza kupima ukuta juu ya kichwa cha Lavender, akimwomba asogeze kiti kidogo. Lavender akasogea. Mokua hakuwa mtu mbaya. Alipokea baki ya Novemba, akaihesabu, akasema kwa huzuni ya kweli kwamba makubaliano ni makubaliano. Drusilla alikuwa ameushika ufunguo. Manasseh, aliyekuja kumsaidia kubeba vyerehani, alikuwa akifungua skrubu za meza na uso wake hautazamiki.

Simu ikalia.

Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya kibinafsi upande wa Nyamira, mama mwenye sauti ya haraka. Fundi wake amemwangusha. Anataka sare tisini kabla ya shule kufunguliwa Januari, na amewaona kwenye simu sasa hivi. Drusilla alitaja bei. Mama yule akasema bei si mbaya, na kwamba angependa kuja mwenyewe kuona kitambaa.

Drusilla aliona tayari siku atakayoitaja. Ni kesho, kila mtu huja kesho, Jumamosi watu wa shule wana nafasi. Aliitazama futi ya chuma ikitembea ukutani. Akamtazama mumewe, aliyekuwa ameacha skrubu na kusimama, naye Manasseh hakukohoa. Kwa mara ya kwanza tangu waoane alimwachia aseme mwenyewe.

“Mwalimu,” alisema Drusilla, “kesho tumefunga.”

“Najua, nimesoma. Mmeandika hapa,” ilijibu sauti. “Nitakuja Jumapili. Lakini kitambaa msisubiri mimi, kitaisha madukani. Nikitumia nusu ya pesa yote sasa, mnapokea? Ama pia mmefunga?”

Drusilla hakuwa na saa mkononi. Aligeuka kumtafuta mumewe, na mumewe hakuwepo. Manasseh alikuwa ameshatoka mbio mpaka katikati ya barabara, kati ya wauza nyanya, mkono juu ya macho, akitazama upande wa magharibi ambako jua lilikuwa limebakiza kama upana wa vidole viwili juu ya kilima.

“Bado lipo, Mama Valentine,” aliita. “Bado lipo. Mwambie atume.”

Ujumbe wa pesa ulifika kabla hajarudi mlangoni. Drusilla aliusoma, akamtumia Mokua kodi ya Desemba papo hapo, jua likiwa bado lipo, na Mokua akasoma ujumbe wake mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa na kumwambia muuza simu akunje futi. Wakati huo ndipo Drusilla alipolia, hapo mbele ya wote, kwa sauti, ufunguo ukiwa bado mkononi. Lavender alirudisha kiti chake mahali pake.

“Jumapili uje mapema,” Drusilla alimwambia akijifuta kwa kipande cha shati. “Na ufunue hicho cherehani kingine.”